Istilahi za Maandalizi ya Insha: Mada, Kauli, Kiunzi na Rasimu

Katika makala haya twakusudia kuzichunguza istilahi chache zitumikazo mwanafunzi anapotayarisha insha, yaani kabla hajaandika sentensi ya kwanza ya rasimu yake. Huenda msomaji akaona kwamba hili ni jambo la walimu tu, wala halistahili nafasi katika jarida la istilahi. Sisi twaona sivyo. Fundi asiyejua jina la chombo chake aweza kukitumia hata hivyo, kwa kuwa chombo chenyewe anacho mkononi. Lakini kazi ya kuandaa insha hufanyika akilini, na huko akilini hakuna cha kushika isipokuwa maneno. Neno likikosekana, au neno moja likibebeshwa kazi mbili, mwanafunzi hufanya kazi moja na kudhani amezifanya zote mbili.

Tuanze na neno lililotusukuma kuandika makala haya, nalo ni muhtasari. Tulipokuwa wanafunzi, mwalimu wetu alitutaka tukabidhi muhtasari pamoja na kila insha, ili ayakinishe kwamba tumefikiri kabla ya kuandika. Karibu darasa zima tulifanya jambo moja. Tuliandika insha kwanza, mwanzo hadi mwisho, kama maneno yalivyotujia; tulipokwisha tuliisoma tena, tukafupisha kila aya kwa maneno mawili matatu, tukaipanga karatasi hiyo juu ya insha na kuipeleka. Mwalimu aliridhika. Miaka mingi baadaye tulipokaa upande wa pili wa meza, tulizipokea karatasi zile zile kutoka kwa vijana wengine, na tulizitambua mara moja, kwa maana zililingana na insha zao mno. Mpango halisi haulingani na kazi iliyokamilika kiasi hicho.

Hatukuwa wadanganyifu, wala hao vijana hawakuwa. Tuliambiwa tulete muhtasari, nasi tulileta muhtasari. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kilichofupishwa. Kitu hakiwezi kufupishwa kabla hakijawa kirefu. Tukiomba muhtasari wa hotuba, hotuba imekwisha kutolewa. Tukisoma muhtasari wa kikao, wajumbe wamekwisha kwenda makwao. Kumwambia kijana aandike muhtasari wa insha ambayo haijakuwapo ni kumwagiza apime kivuli cha mti usiopandwa, naye, kwa akili yake nzuri, hupanda mti kwanza.

Pingamizi moja yastahili kujibiwa. Shuleni tunasema muhtasari wa masomo, na muhtasari huo hutangulia mafunzo badala ya kuyafuata. Twakiri kwamba hapo hoja yetu yatikisika kidogo. Hata hivyo, elimu inayofupishwa katika muhtasari wa masomo ilikuwapo vitabuni na vichwani mwa wataalamu kabla waraka huo haujaandikwa. Insha ya mwanafunzi haiko popote. Kwa sababu hiyo twapendekeza kwamba muhtasari ubaki na kazi yake ya kufupisha, na kile kinachotangulia kuandika kiitwe kiunzi.

Kiunzi ni neno la waunzi wa vyombo na wajenzi wa nyumba, na mzizi wake ni kitenzi kuunda. Kila asikiaye neno hili huelewa kwamba nyumba haijamalizika, na kwamba kitu kingine kitakuja juu yake. Wanariadha nao wameliazima kwa vile vizuizi wanavyoviruka mbioni. Twatumaini wanafunzi hawatakifuata kiunzi cha insha kwa maana hiyo ya pili.

Mada si kauli

Kabla ya kiunzi kuna matatizo mengine mawili, na la kwanza ni mada. Neno hili nalo limetoka Kiarabuni, na huko lilimaanisha kitu chenye kujaza nafasi, yaani malighafi. Ndiyo maana walimu wa sayansi wanalo neno maada, ambalo ni ndugu yake wa damu. Maana hiyo ya kale yatufaa sana. Mada ni malighafi. Ni udongo, bado haujawa chungu. Lakini katika semina na makongamano tumezoea kusema kwamba fulani amewasilisha mada, tukikusudia karatasi nzima aliyoisoma, pamoja na hoja na mapendekezo yake. Hivyo udongo na chungu vimepata jina moja. Mwanafunzi aliyepewa mada huona kwamba amekwisha kupewa kila kitu, na kwamba kilichobaki ni kuirefusha.

Mafunzo ya fasihi yameuongeza mkanganyiko huu, ingawa bila kukusudia. Tunapohakiki riwaya au tamthilia tunamwuliza kijana, dhamira za mwandishi ni zipi? Naye hujibu kwa majina: ukombozi, mapenzi, usaliti, umaskini. Jibu hupokelewa na alama hutolewa. Lakini ukombozi ni jina tu. Mwandishi asema nini juu ya ukombozi? Kwamba hauji bila umoja? Kwamba huweza kuwageuza waliokombolewa kuwa wakandamizaji? Jina halikubaliki wala halikanushiki. Sentensi ndiyo yaweza kukubaliwa au kukanushwa, kwa sababu ina kiima na kiarifu. Kijana aliyezoea kujibu kwa majina kwa miaka minne hupanga insha yake kwa majina vile vile, na mpango wa majina hauwezi kumwonyesha kama ana jambo la kusema au hana.

Kwa hiyo twahitaji istilahi ya pili itakayosimama kando ya mada, nayo ni kauli. Tukitaka kuitofautisha na kauli nyinginezo, hasa zile za kitenzi katika sarufi, tuiite kauli kuu. Kauli kuu ni sentensi moja kamili ambayo mwandishi yu tayari kuitetea, na ambayo mtu mwenye akili timamu aweza kuibisha. Baadhi ya wenzetu hupenda kusema wazo kuu. Hatuna ugomvi nao, ila twaona wazo huweza kukaa kichwani bila kutamkwa, na ugonjwa tunaotaka kuutibu ni huo hasa wa mawazo yasiyotamkwa.

Mfano mmoja

Ili maelezo haya yasibaki hewani, tuchukue mada iliyo karibu na wasomaji wa jarida hili: kusanifishwa kwa Kiswahili. Ikitolewa hivyo ilivyo, mada hii yaweza kujaza kitabu. Hatua ya kwanza ni kuigeuza iwe swali, na maswali ni mengi. Nani walisanifisha? Kwa faida ya nani? Tahajia iliamuliwaje? Lahaja zilipata hasara gani? Tuchague moja: kwa nini lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na si Kimvita?

Sasa tuandike vidokezo, ovyo, bila kuvipanga, kila kinachotujia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambako Kiunguja kilichaguliwa. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930, ikihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, na utajiri wa ushairi wa kaskazini. Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ya mwaka 1882. Edward Steere na kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja cha mwaka 1870. Misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja. Wajerumani kukitumia Kiswahili katika utawala wao wa Tanganyika. Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa mwaka 1967.

Vidokezo kumi hivi ni vya kweli vyote, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwa kuwa vyote ni vya kweli na vyote vyahusu mada, mwanafunzi huvipanga kwa kufuata miaka, akaanza na Krapf na kumalizia na mwaka 1967, akadhani ameandika insha. Ameandika tarehe. Swali letu lilikuwa kwa nini, na kila kidokezo sharti kiulizwe: wewe wajibu nini?

Kamusi ya mwaka 1939 haina jibu, kwa kuwa ilitokea baada ya uchaguzi. Tokeo haliwezi kuwa sababu ya lililoitangulia. Kwa hukumu hiyo hiyo Baraza la mwaka 1967 latoka, ingawa itatuuma kuliacha. Mkutano wa mwaka 1928 haujibu bali ndio unaoulizwa. Mahali pake ni mlangoni. Kamati ya mwaka 1930 ni ya kutajwa kwa nusu sentensi. Misafara yajibu: lugha ya Unguja ilikuwa imekwisha kusafiri mpaka ziwa Tanganyika kabla serikali yoyote ya kikoloni haijaweka mipaka. Kuhamia kwa Seyyid Said kwaeleza kwa nini misafara ilikuwa na mizizi yake Unguja, basi kidokezo hicho kiko chini ya kile cha misafara wala si sawa nacho. Wajerumani nao wajibu kwa sehemu, kwa vile waliikuta lugha iliyokwisha kuenea wakaipa kazi ya ofisini na shuleni.

Muyaka ndiye kidokezo chenye manufaa kuliko vyote, na wengi wangemtupa. Kwa mtazamo wa haraka, utajiri wa ushairi wa Mombasa wapingana na uchaguzi wa Kiunguja. Ikiwa lahaja zingepimwa kwa fasihi yake, Kimvita kingekuwa na madai makubwa, na ndugu zake wa Lamu na Pate vile vile. Lakini Kimvita hakikuchaguliwa, ijapokuwa walikuwako waliokitetea. Basi fasihi haikuwa kipimo. Kidokezo kilichoonekana kutupinga kimetufunulia kauli: Kiunguja kilichaguliwa kwa ajili ya kuenea kwake bara, ambako hakukuletwa na kamati, wala si kwa ajili ya ubora wake kuliko Kimvita.

Msomaji ataona kwamba kauli hii hatukuwa nayo tulipoanza. Hatukuiketia tukiingoja ije. Imetoka katika kuvihoji vidokezo, na hasa kile kilichotukaidi. Walimu wengi huwataka wanafunzi waanze na kauli kuu, kisha watafute hoja za kuitegemeza. Twaona mpango huo huzaa kauli za woga, kama vile kusema kwamba elimu ni muhimu au kwamba kilimo kina faida, kwa kuwa mtu asiye na kidokezo hata kimoja mezani hawezi kuthubutu kusema zaidi ya hayo.

Je, kauli yetu yaweza kubishwa? Yaweza, na hili ni jambo jema. Atatokea mtu aseme: Kiunguja kilishinda kwa sababu ya Steere na misheni yake, waliokuwa na sarufi na vitabu vilivyokwisha kupigwa chapa, wakubwa wa elimu walichagua kilichokuwa tayari mezani. Hoja hii ina nguvu, na kiunzi kisichokuwa na nafasi yake kitaanguka. Lakini Mombasa nako kulikuwa na wamisionari, na kazi ya Krapf ilikuwapo, basi vitabu peke yake havitoshi kueleza. Krapf na Steere, ambao katika mpangilio wa miaka walikaa mbalimbali, sasa wamesogezwa pamoja katika aya moja, kwa sababu hoja yao ni moja.

Sasa kiunzi chaweza kuandikwa, na kanuni yetu ni moja tu: kila kipande kiwe sentensi. Tusiandike "Biashara", tuandike "Misafara ilikipeleka Kiunguja hadi Ujiji kabla ya ukoloni, kwa kuwa mizizi yake ilikuwa Unguja." Tusiandike "Utawala", tuandike "Wajerumani waliikuta lugha hiyo wakaipa kazi ya ofisini, na hivyo uenezi ukawa mazoea." Kisha, "Ushairi wa Mombasa waonyesha kwamba fasihi haikuwa kipimo." Kisha, "Vitabu vya misheni vilisaidia, lakini vilikuwako pande zote mbili." Sentensi hizi nne zikisomwa mfululizo, mtu aweza kuisikia insha nzima kwa dakika moja. Zikigongana, itajulikana leo, na si baada ya kurasa saba. Mwenye mpango wa majina hawezi kuligundua hilo, maana majina hayagongani kamwe.

Swali la nani atangulie laweza kuamuliwa kwa njia zaidi ya moja. Sisi tungeanza na ushairi wa Mombasa, tukamshangaze msomaji kidogo kabla ya kumpa sababu. Mwingine angeanza na misafara. Tofauti hii ni ya tabia ya mwandishi, na hatuoni haja ya kuitungia sheria.

Utangulizi hatukuupanga, na tumefanya hivyo makusudi. Mwanafunzi apotezaye nusu saa akitafuta sentensi ya kwanza iliyopambwa amekosa mahali pa kuanzia kazi. Watunzi wa tenzi walilielewa jambo hili kwa njia yao. Desturi iliwapa dibaji iliyo tayari: kumtaja Mungu, kumsalia Mtume, kuagiza karatasi na wino. Hawakuhangaika na mlango, kwa kuwa mlango ulikuwa wa wote. Juhudi yao waliiweka katika kisa. Insha haina mlango wa wote, basi mlango wake uachwe utengenezwe mwisho, chumba kikiisha kujulikana ukubwa.

Rasimu na mswada

Ndipo tufikapo kwenye rasimu. Maneno mawili hapa huchanganywa bila sababu, nayo ni rasimu na mswada. Rasimu, katika Kiarabu, ina jamaa na kuchora; mswada una jamaa na weusi, yaani karatasi iliyotiwa weusi kwa wino. Kwa asili, basi, yote mawili yaweza kuitwa maandishi ya kwanza. Lakini matumizi yamekwisha kuyatenga: mswada ndio upelekwao kwa mchapishaji, au bungeni ukawa mswada wa sheria, na mwenye kuupeleka husimama nyuma yake. Rasimu ni ya mwandishi mwenyewe, na yaruhusiwa kuwa mbaya. Tofauti hii tungependa ihifadhiwe, kwa kuwa mwanafunzi anayedhani kwamba anaandika mswada huogopa kufuta.

Na atahitaji kufuta. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu, kwa desturi ya zamani, hulaza mkuku kwanza, kisha hupandisha mbao za ubavuni, na mataruma mengi hutiwa ndani baadaye, yakachongwa kufuata umbo ambalo mbao zimekwisha kulishika. Kauli kuu ndiyo mkuku. Ukibadilika huo, chombo ni kingine, na yafaa kurudi mwanzo bila kuona haya. Lakini sentensi nyingine za kiunzi ni mataruma: zaweza kuchongwa upya kadiri rasimu inavyoota umbo. Pengine tutakapoiandika aya ya Wajerumani tutaona kwamba yataka kutangulia, au kwamba yaweza kumezwa na ile ya misafara. Hapo kiunzi hurekebishwa, na karatasi yenye marekebisho hayo, pamoja na mistari iliyokatwa na mishale iliyopita huku na huku, ndiyo tungependa mwalimu aidai. Mwanafunzi hawezi kuigushi kwa urahisi, maana itamgharimu kazi nyingi kuliko kupanga kweli.

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Ile kazi ya kuvihoji vidokezo, kuviondoa vingine na kuvisogeza vingine, haina jina lililokubaliwa. Kuchambua ni neno zuri, lakini limeshikwa na wahakiki wa fasihi. Tulifikiria kupepeta, kwa kuwa kila nyumba yaujua ungo. Mwenzetu mmoja akapinga, akasema kwamba kinachoruka kutoka ungoni ni makapi na hakuna arudiaye kuyaokota, ilhali kamusi ya Johnson na Baraza la mwaka 1967, tulivyoviondoa katika insha hii, ni nafaka safi kwa insha nyingine. Tumeona ana haki. Kwa sasa tunatumia kupembua, ambako kinachotengwa chaweza kuwekwa kando kikangoja siku yake, na wasomaji wenye neno lililo bora, hasa wale wa lahaja za kusini ambazo hatuzijui vya kutosha, twawaomba watuandikie.